Mbwa wa Muadhini

Siku mbili mtoto wa mbwa alilia ndani ya shimo, na siku mbili Hija Khatib alipita.

Shimo lenyewe lilichimbwa kwa ajili ya choo cha nyumba ambayo haikujengwa, kando ya njia iendayo kwenye mashamba ya mihogo. Kijiji kizima kilimsikia. Wanawake waliorudi na kuni walisema maskini, wakakaza mwendo. Hija naye alikaza mwendo, tena yeye alikuwa na haraka ya halali, maana ndiye aliyekuwa muadhini wa msikiti mdogo wa hapo kijijini na jua lilikuwa limeshapinda. Siku ya kwanza aliadhini adhuhuri huku sauti ile nyembamba ingali masikioni mwake. Siku ya pili, baada ya kuswali alasiri, alirudi na kamba na pakacha, akashuka shimoni.

Alimtoa amejaa matope, mbavu zinahesabika, masikio makubwa kuliko kichwa. Mbwa hakungoja kuwekwa chini. Alimlamba Hija kidevu, akamlamba shingo, akamalizia kifuani. Hija alifumba macho.

"Ya Rabbi," alisema. "Mara saba."

Maana kwa watu wa kwao mate ya mbwa ni najisi, na yakikugusa huna budi kuosha mara saba, mara moja katika hizo iwe kwa udongo. Mkewe, Mize, alimwona anakuja na pakacha linalotikisika, akaacha kupepeta mchele.

"Nini hicho, Hija?"

"Kiumbe."

"Kiumbe nakiona. Nauliza kinaingia wapi."

"Hakiingii ndani. Kitakaa kwenye banda la kuni mpaka kipate nguvu, kisha nitakitafutia pahala."

"Kisha ya lini?"

Hija alilipeleka pakacha bandani. Mize alichota udongo akajaza ndoo, akaiweka nyuma ya jiko. "Atakayemgusa aanzie hapa," alisema, "si kwenye sufuria zangu."

Ile kisha ikawa miezi minane. Mbwa alipata nguvu, na alipozipata hakujua pa kuzipeleka. Mize alimwita Kasi, na jina hilo halikumtosha, kwani kasi yake haikuwa na kifani. Alikimbia kabla ya kujua anakwenda wapi. Alizifukua mbegu za mihogo zilizokwisha kupandwa, akazipanga mlangoni kama zawadi. Msimu wa karafuu alipita juu ya majamvi ya jirani mara tatu, kwenda, kurudi na kwenda tena, karafuu zikaruka kama mvua. Kamba alizila. Kuku hakuwaua, lakini aliwachezesha mpaka wakaacha kutaga.

Watu hawakusema mbwa wa Hija. Walisema mbwa wa muadhini. Kila aliposikia maneno hayo Hija aliona joto likimpanda nyuma ya masikio.

Kisha likaja tangazo. Huko kaskazini mtu alikuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, na sheha, kiongozi wa serikali hapo kijijini, akatangaza kwamba kila mbwa atakayeonekana akizurura baada ya wiki mbili atawekewa sumu. Siku ya mwisho ilikuwa Alkhamisi. Hija alimtazama Kasi, ambaye wakati huo alikuwa anazunguka mnazi akikimbiza mkia wake mwenyewe. Akajua kwamba mbwa yule hataacha kuzurura hata akifungwa kwa minyororo ya meli.

Akamkumbuka Bakar, mlinzi wa ghala la mbao huko Madungu, mjini Chake Chake, aliyekuwa anatafuta mbwa wa kulala mlangoni. Asubuhi ile aliyomwalika Bakar kuja kumwona mbwa, Hija alifanya jambo ambalo baadaye lilimwamsha usingizini mara nyingi. Alipotoka msikitini alfajiri alipanda baiskeli yake, akamwachia Kasi amfuate, akazunguka naye mabonde na vilima mpaka jua likawa juu na yeye mwenyewe miguu inamtetemeka. Bakar alipofika alimkuta mbwa amejinyoosha kivulini kama paka mzee.

"Ana tabia gani?" Bakar aliuliza.

"Mpole."

"Anatulia pahala pamoja?"

"Si unamwona?" alisema Hija.

Bakar alimwona. Akamchukua. Aliondoka akishukuru, akisema kwamba kitu kikitoka kwa muadhini mtu hana haja ya kukikagua.

Jumatatu iliyofuata, siku tatu kabla ya ile Alkhamisi, Bakar alirudi. Alikuja anavutwa, si anavuta.

"Hodi! Muadhini mzima!" alipiga kelele toka njiani, na majirani wakatoka. "Niambie, mbwa huyu alitulia lini? Alipokuwa tumboni mwa mamake?"

"Karibu, Bakar, kaa kwanza..."

"Sikai. Nilimfunga kamba akaila. Nikamfunga kamba ya pili, akaila na mlango wa kibanda. Nikamfunga waya. Tazama."

Hija alitazama. Waya ulikuwa umeingia shingoni. Manyoya yalikuwa yametoka na nyama imechubuka mzunguko mzima, na juu yake inzi. Kasi alimwona Hija, akatikisa mkia hata kiuno kikapinda. Hakuonekana kukumbuka ni nani aliyemtoa kwa uongo.

"Miye si mtu mbaya," alisema Bakar, sauti imeshuka. "Ningeambiwa kweli nisingemchukua, na hili donda lisingekuwapo. Basi."

Akaacha waya chini, akaenda zake. Majirani nao wakarudi ndani mmoja mmoja.

Mize alichemsha maji ya chumvi. Hija alimtoa mbwa waya, akamwosha donda, akampaka mafuta ya nazi. Shingoni hakuweza tena kumfunga, akakata kitambaa cha doti la kanga la zamani akamfunga kifuani. Alijua hakitashika. Alifunga hivyo hivyo.

Jumanne kabla ya alasiri alikwenda msikitini mapema kufagia, kama kawaida yake. Kiangazi kilikuwa kikali mwaka ule. Kisima cha jirani kilikuwa kimekauka, na maji ya hodhi la kutawadhia yaliletwa kwa ndoo kutoka mbali, kila nyumba kwa zamu yake. Alipofungua mlango wa ua alisikia maji yakichapwa. Kasi alikuwa ndani ya hodhi. Amezama mpaka mabegani, donda lake ndani ya ubaridi, macho nusu yamefumba, na ulimi unapiga maji kwa raha.

Hija alimtoa kwa mikono yote miwili, na mbwa akajikung'uta, matone yakaruka ukutani. Hapakuwa na mtu. Hija alisimama akahema. Halafu likamjia somo la utotoni, kule chuoni alikofundishwa Kurani na mambo ya tohara. Maji machache yakiguswa na najisi yamekwisha haribika. Yakifika kipimo kiitwacho kullatein hayanajisiki kwa kuguswa tu, mpaka yabadilike rangi, harufu au ladha. Na kullatein, alikumbuka sauti ya mwalimu wake marehemu, ni dhiraa moja na robo. Dhiraa ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Akapandisha mkono wa kanzu, akauchovya mpaka vidole vikagusa sakafu ya hodhi. Maji hayakufika hata kiwiko.

Basi yameharibika. Maji ya nyumba kumi na moja, yaliyobebwa kichwani na wake za watu, yamwagwe yote? Na akiyamwaga, aseme kwa nini? Aseme tena, siku moja tu baada ya Bakar?

Alimrudisha mbwa nyumbani mbio, akamfungia ndani ya banda la kuni akaegemeza kinu mlangoni. Alijiosha kwa ile ndoo ya udongo, akabadilisha nguo. Kisha akachukua kopo la maji ya kunywa, akakaa juu ya kibao cha mbuzi, akatawadha hapo hapo uani.

"Mbona unatawadha hapa?" Mize aliuliza. "Msikitini hamna maji?"

"Yapo."

"Ehee?"

Hija aliweka kopo chini. Alirudi msikitini na miguu mibichi, akaadhini. Wanaume wakaja, wakaketi kwenye ukingo wa hodhi, wakakunja mikono ya kanzu. Mzee Kificho, aliyependa kufanya kila jambo polepole na kwa ukamilifu, alisukutua mara tatu, akapandisha maji puani mara tatu, akasema, "Maji yana ubaridi leo, mashaallah." Hija alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake. Alitazama mkeka.

Magharibi ikawa hivyo hivyo. Isha vile vile. Yeye alitawadha nyumbani, wenziwe wakatawadha hodhini, wakasimama naye safu moja, bega kwa bega, nyuma ya imamu wao, Shehe Nyange. Aliposujudu hakupata la kuomba. Kila dua aliyoianza ilimrudia mdomoni kama chakula kisichoteremka.

Jumatano alfajiri alipanda pale pa kuadhinia, akafika katikati, akasikia sauti yake mwenyewe inawaita watu waje kwenye wema. Alimaliza kwa shida. Alipogeuka, Mzee Kificho alikuwa keshakaa ukingoni na kata ya maji mkononi.

"Msitawadhe!" Hija alisema.

Kata ilibaki hewani. Shehe Nyange, mtu mfupi asiyesema mengi, alisimama mlangoni.

"Msitawadhe. Mbwa wangu aliingia humo jana kabla ya alasiri. Alioga na alikunywa. Nilimwona kwa macho yangu. Nikanyamaza."

Mtu mmoja alifuta midomo yake kwa mkono wa kanzu, kisha akautazama mkono wenyewe.

"Ukayapima?" aliuliza Shehe.

"Nimeyapima. Hayakufika dhiraa moja na robo."

"Umepima nini?"

"Kina, Shehe."

"Na urefu?"

Hija aliugeukia ukingo wa hodhi.

"Na upana?"

Shehe Nyange alivua makubadhi, akapiga dhiraa kwa mkono wake juu ya ukingo, upande kwa upande, kama fundi nguo, kisha akauchovya mpaka chini. "Dhiraa moja na robo ni ya shimo lenye pande sawa," alisema, "kwenda mbele, kwenda pembeni na kwenda chini. Hodhi hili urefu wake dhiraa tatu, upana mbili, na kina cha maji robo tatu. Maji haya yanaipita kullatein mara mbili na ushei." Alichota kidogo, akayanusa, akayaangalia kwenye mwanga wa taa. "Rangi ile ile. Harufu hamna."

"Na ladha naishuhudia miye," alisema Mzee Kificho. "Nimesukutua mara tisa toka jana."

Kicheko kikapasuka, cha watu waliotoka kwenye hofu. Hata Hija alihisi kifua chake kinafunguka. Swala zao zilikuwa salama. Hakuna aliyedhurika. Aliinua uso, tayari kucheka nao.

"Muadhini," alisema Shehe Nyange. "Weye jana ulitawadha wapi?"

Kicheko kikakatika.

"Alasiri ulikuja na miguu mibichi," Shehe aliendelea, bila ya ukali. "Magharibi pia. Nikajiuliza, huyu mbona anatoka na maji kwake? Nikasema labda ana udhuru wake."

"Nilitawadha nyumbani," alisema Hija.

"Kwa nini?"

Alijua jibu. Kila mtu pale alilijua. Ilibidi alitoe kwa kinywa chake mwenyewe, na lilitoka neno moja moja. "Kwa sababu niliamini haya ni najisi. Nikataka... nikataka yangu iwe safi."

Mzee Kificho aliiweka kata chini taratibu. Kumwona mzee yule hana mzaha wa kusema kulimuuma Hija kuliko tusi.

"Maji yalikuwa safi," alisema Shehe, "na hiyo ni fadhila ya Mwenyezi Mungu, haikutokana na weye. Waombe radhi wenzio."

Aliwaomba, mmoja baada ya mmoja, akiwapa mkono. Wote waliupokea. Kisha alifungua kifundo cha shuka yake akatoa ufunguo wa msikiti. Alitumaini Shehe ataukataa. Shehe aliuchukua, akampa Mzee Kificho. "Adhini weye, Mzee, kwa siku hizi."

Baada ya swala Hija aliosha ukingo, ukuta na kata mara saba, na mara ya kwanza kwa udongo. Alikuwa amepiga magoti bado pale Mzee Kificho alipokuja kumsimamia.

"Na huyo bwana mwenyewe wa kuoga? Kesho si ndiyo Alkhamisi?"

"Ndiyo."

"Mwanangu Mwanapili ameolewa Micheweni. Kuna msasi kule, anaitwa Mjaka. Anafuga mbwa wa kufukuza kima na nguruwe kwenye mashamba ya watu. Mpeleke." Mzee alikohoa. "Lakini usimpelekee habari za upole. Yule atakurudisha na fimbo."

Safari hii Hija hakumchosha mbwa kwa makusudi, lakini njia ilikuwa moja tu na chombo ni kile kile. Alipanda baiskeli, Kasi akakimbia. Alikimbia mbele, akarudi nyuma kuhakikisha, akaingia vichakani, akatoka upande wa pili. Maili baada ya maili migomba ikapungua, udongo ukageuka mweupe, mawe yakaanza kuchomoza. Walipofika Micheweni Hija alishuka akiwa anayumba. Mbwa alikuwa anazunguka baiskeli akingoja iondoke tena.

Mjaka alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye kovu kwenye kigasha. Mbwa wake wanne walilala chini ya kibanda cha makuti, kila mmoja na jiwe lake lililochongwa la kunywea maji. Mlangoni pa nyumba palikuwa na mtungi wa maji na chungu kilichojaa udongo wa kujiosha, vimepangwa vizuri kama vyombo vya wageni. Hija aliviona, akajua amefika kwa watu wasiomficha mbwa wala wasiochezea tohara.

"Ana ila gani?" Mjaka aliuliza, kabla hata ya kumkaribisha mgeni kitako.

Hija alimwambia. Alisema mbwa hafungiki, hatulii, anakula kamba na milango. Akaendelea. Akasema alimchosha ili amdanganye Bakar. Akasema habari ya hodhi, na kopo la nyumbani, na ufunguo. Akafika mpaka kwenye shimo. "Nilimpita siku mbili," alisema. "Hata siku ya kumtoa, niliswali kwanza."

Mjaka alimwinulia kiganja. "Sahibu," alisema, "nimekuuliza ila za mbwa. Zako mpelekee anayezisamehe."

Akamgeukia mbwa, akamwinua kidevu.

"Nani alimtia donda hili?"

"Bakar. Lakini uongo ulikuwa wangu."

"Mm." Mjaka alichuchumaa, akampapasa Kasi miguu, akamfunua meno. Kisha akamwachia.

Kasi aliruka kama jiwe la kombeo. Alikata shamba la mtama lililokuwa katikati ya mawe, akapanda mwamba, akashuka, na huko mwisho wa shamba kundi la kima waliokuwa wamekaa kama wenye shamba lao walipiga ukelele, wakatawanyika. Aliwafuata mpaka msituni, akarudi, akaenda tena. Mjaka alipiga mluzi. Mbwa hakugeuka. Alipiga tena.

"Mwite weye," alisema.

Hija aliita jina lake mara moja. Kasi alisimama mbali kule, masikio juu, kisha akaja moja kwa moja, akamwangukia miguuni. Hija alifurahi, na furaha hiyo ilionekana usoni mwake.

"Hapo ndipo penye taabu," alisema Mjaka. "Mbio anazo. Mbwa wengine wakifika saa nne wamechoka, na kima hawachoki. Huyu namtaka. Lakini akiwa anasikiliza sauti yako hatasikiliza yangu. Ukitoka hapa usimwite, usimuage, usigeuke. Na usije kumtazama mwezi huu wala ujao."

"Nije lini?"

"Mpaka atakapokusahau."

Kibandani mbwa jike mmoja, mzee, mwenye mdomo mweupe, aliinuka. Kasi alimkimbilia kwa mchezo. Yule jike hakubweka. Alimwekea mguu wa mbele shingoni, juu kidogo ya donda, akambana chini, na Kasi akatulia. Akatulia kweli, tumbo juu. Hija hakuwahi kumwona hivyo ila ile asubuhi ya uongo.

"Huyo ndiye mwalimu," alisema Mjaka. "Miye namsaidia tu. Haya, nenda."

Hija alishika baiskeli yake, akatembea. Hakugeuka. Alitega sikio kungoja kile kilio chembamba, kile cha shimoni, na akajiandaa jinsi atakavyokivumilia. Alifika kwenye mnazi wa kwanza, akafika njia kuu, hakusikia kitu. Nyuma yake palikuwa na mbwa watano wanaobweka kwa furaha, naye hakuweza kutambua sauti ya wake ni ipi. Aliona uchungu kwamba hakuliliwa. Kisha akaona haya kwa uchungu ule, akapanda baiskeli.

Alifika kijijini jua linazama. Adhana ya Magharibi ilikuwa inatoka msikitini kwa sauti ya Mzee Kificho, sauti yenye mikwaruzo, inayopotea njia na kurudi. Hija aliegemeza baiskeli ukutani, akaingia uani. Wenziwe walikuwa wamekaa ukingoni mwa hodhi. Walimwona wakasogea kidogo, wakaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Amepata pahala?" mmoja aliuliza.

"Amepata."

Alikaa. Akakunja mikono ya kanzu iliyojaa vumbi, akanuia, akatia viganja vyote viwili katika maji yale yale.